Kilima Kilichokubaliwa kwa Makofi

Wadogo zangu wa ofisini, mlipokuja kuniaga mliniomba niwaandikie namna tulivyofanya kazi zamani. Nimekubali kwa sababu muda ninao, na kwa sababu mke wangu amekwisha kuzisikia hadithi hizi zote, naye anasema hata kuku wa nyumbani wanazijua. Juu ya vyeo sitasema neno. Vilikuja kama mvua ya mwezi wa saba. Juu ya mshahara pia nitanyamaza, kwani haifai kumsema asiyekuwepo.

Nianze na siku ya kwanza. Nilitoka chuo kikuu na diploma ya jiografia, na abakosti mpya, ile suti ya Chama isiyo na tai, iliyonibana makwapa, nikiamini kwamba Serikali ilikuwa imesimama mlangoni ikiningoja. Ofisi ya mazingira ya Bukavu ilikuwa nyumba ya zamani ya mkoloni mmoja, upande wa ziwa, yenye bafu kubwa kuliko chumba cha mkurugenzi. Dosie zote, yaani mafaili yetu, zilikaa ndani ya hilo bafu. Nilimkuta mzee mmoja amekaa ukingoni mwa hodhi la kuogea akisoma, miguu yake imezama katika makaratasi mpaka magotini. Alikuwa Papa Cirhuza, ajenti wa ardhi tangu enzi za Wabelgiji. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi yote.

"Ni weye ule wa université?" aliniuliza.

"Ndiyo, Papa."

"Karibu. Ulisoma nini?"

"Jiografia."

"Bon. Sasa, bafu tuliijaza dosie. Choo iko wapi?"

Nilitazama huku na huku. Sikujua.

"Unaona?" akasema. "Jiografia inaanzaka pale."

Tangu siku hiyo aliniita Université, na kila mara nilipokosea aliniita jina hilo kwa heshima zaidi.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na gari moja lililopanda milima kwa kurudi nyuma, na kamba ya kupimia ambayo mvua ilikuwa imeirefusha. Tulikuwa pia na mashine ndogo ya kupima mionzi, inayolia tik-tik ikikaribia jiwe baya. Hiyo ilikuwa nzima kabisa, isipokuwa betri zake zilikaa katika redio ya mkurugenzi, na siku ya mechi hatukuweza kupima kitu. Maji ya mito tuliyatia katika chupa za bia zilizochemshwa, tukaziba kwa nta ya mshumaa, tukazipeleka Kinshasa kwa ndege zikapimwe. Majibu hayakuja. Siku moja tuliambiwa kwamba pale uwanja wa ndege askari walikuwa wakizizuia chupa zetu wakidhani ni kasiksi, pombe ya ndizi. Mpaka leo nawaombea afya.

Papa Cirhuza alikuwa na kanuni moja: ufikapo mahali, nenda majini kabla ya kwenda kwa shefu wa kijiji. "Kila mradi unaangukaka mu maji ya mutu," alisema. "Utafute kwanza ule mutu. Shefu atakuambia kama maji ni yake, lakini haachotake." Niliiandika kanuni hiyo kwa Kifaransa kizuri, ikawa ukurasa mzima. Alipousoma aliniuliza maji yalikuwa wapi.

Sasa nije kwenye dosie iliyonichoma, na ambayo bado inanichoma.

Ilikuwa miaka ile Chama kilipokuwa na nguvu zote, na mwanamume aliyevaa tai shingoni alionekana mwasi, na badala ya Bwana tuliitana Citoyen, yaani raia. Kampuni moja, ambayo siitaji kwa sababu ilikuwa na majina mengi na haikujibu kwa hata moja, iliomba kuchimba urani katika kilima cha Lushaza, katika wilaya, yaani zone, ya Kalehe. Sheria ilisema kwamba kabla ya kufungua kitu chochote chenye sumu, moto au uvundo, ni lazima Serikali ifanye uchunguzi: tangazo libandikwe, mradi usomwe kwa sauti mbele ya wakaaji, wenye kudhurika wasikilizwe, kisha ofisi yetu itoe maoni. Sheria hiyo ilikuwa na jina la Kilatini. Sisi tuliiita uchunguzi wa faida na bughudha.

Ilikuwa sheria nzuri. Mkoloni aliitunga ili Mbelgiji asisumbuliwe na moshi wa mkate wa Mbelgiji mwenzake. Sisi tuliirithi pamoja na dawa yake ya kulala: asiyesema kitu amekubali. Tangazo la Lushaza liliandikwa kwa Kifaransa, likabandikwa ndani ya baraza ya ofisi ya zone, kando ya orodha ya waliokosa kulipa kodi. Niambieni, nani anakwenda kusoma ukuta ule kwa hiari yake?

Kampuni ilileta pia maelezo ya mazingira yaliyojalidiwa vizuri kabisa. Niliyasoma kwa unyenyekevu wa msomi kijana mpaka nikafika mahali paliposema kwamba eneo lina mvua haba, halina maji ya juu ya ardhi, na kwamba wakaaji wachache huhamahama na mifugo yao. Nilimpelekea Papa Cirhuza. Nje mvua ilikuwa ikipiga mabati hata tukawa tunasemezana kwa kupiga kelele.

"Ni jangwa gani hii?" aliuliza.

"Lushaza, Papa."

Alicheka, kisha akaacha kucheka ghafla. "Walishaandika hii kitabu fasi ingine, kwa jangwa ya kweli," alisema. "Sisi walituongeza ku jalada tu."

Tulimwomba mkurugenzi betri. Hakukuwa na mechi juma lile, akatupa. Asubuhi gari lilimchukua Papa Cirhuza kwake Kasha, tukashika njia ya kaskazini kando ya ziwa, tukapita Kalehe pasipo kusimama, kwa kuwa maji yalikuwa mbele.

Chini ya kilima cha Lushaza kulikuwa na chemchemi, na chini ya chemchemi vidimbwi vilivyopangwa kama ngazi, ambamo wanawake wa kilima kizima waliloweka mihogo michungu mpaka ilainike na kutoa sumu yake. Harufu ilitupokea kabla ya watu. Mama mmoja mwenye mabega mapana alisimama ndani ya maji akipindua mihogo. Alikuwa Maman Nsimire, ambaye wenzake walimwachia kugawa vidimbwi na kuamua magomvi. Alikuwa pia mwongoza dansi wa kikundi cha kushangilia wageni wa Serikali, maana kila kijiji kililazimika kuwa na kikundi kama hicho, hata kama hakikuwa na shule.

Juu ya kila rundo la mihogo walikuwa wameweka mawe meusi mazito ili isielee. Papa Cirhuza aliniangalia. Nikawasha mashine, nikaisogeza juu ya jiwe moja. Ikalia kama mvua ile juu ya bati.

"Inasema nini, ako kadudu?" aliuliza Maman Nsimire.

Nilianza kueleza habari ya atomu. Papa Cirhuza akanigusa mkono. "Inasema ile jiwe ni mbaya, Maman. Muiweke mbali. Mutie ya kawaida."

"Mbaya tangu lini?"

"Tangu Mungu aliumba."

Alilinyanyua jiwe, akaliweka ukingoni taratibu, kama mtu anayemtoa mgeni mlevi nyumbani bila kumkasirisha. Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyevaa viatu. "Bibi yangu alikandamizaka muhogo na hii jiwe. Mama yangu pia. Na mulikuwa na ako kadudu kenu kule Bukavu. Juu ya nini mulingoja Kampuni itake jiwe, ndio mukuje kutuambia?"

Nilimwonyesha ramani. Uchafu wa mgodi ungemwagwa juu ya chemchemi, na maji yake yangeshuka kwenye vidimbwi. Alielewa ramani upesi kuliko nilivyoikunjua. "Basi hatutakula," alisema. Muhogo usiolowekwa huua, na katika kilima kile hapakuwa na maji mengine isipokuwa kule juu kabisa, kwa mwendo wa nusu asubuhi.

Jumapili iliyofuata komisere, mkuu wa zone, aliita mkutano wa uchunguzi. Alikuwa mtu mnene wa furaha. Kikundi cha Maman Nsimire kilicheza, kwa sababu kilipoitwa hakikuwa na ruhusa ya kukataa. Kisha komisere akapanda juu ya kiti.

"Chama oyé!"

"Oyé!" na makofi.

"Zaïre oyé!"

"Oyé!"

"Mugodi oyé!"

Midomo ilikuwa imekwisha kufunguka. "Oyé!" Makofi yakafuata yenyewe, kama mguu unaofuata mguu. Karani akaandika kwamba wananchi wameukubali mradi kwa shangwe, komisere akashuka kitini, na uchunguzi ukawa umekwisha. Mradi haukusomwa. Hakuna aliyeulizwa. Mimi nilisimama pale na diploma yangu, nikaona kilima kizima kikiuzwa kati ya "o" na "yé".

Jumatatu niliingia kwa mkurugenzi nikiwa nimejaa kama chungu cha maharage. Nilisema makofi si jibu. Alikwenda kufunga dirisha, akarudi, akanena polepole.

"Unataka niandike kama batu walipiga makofi lakini hawakukubali?"

"Ndiyo, Citoyen Directeur. Ndivyo ilivyo."

"Sawa. Na ile makofi ya mbele, ya Chama? Walikubali, ao hawakukubali?"

Nilitazama dirisha alilolifunga.

"Unaona sasa unanipeleka fasi gani," alisema. "Ukitoa tofali moja chini, mutoto, nyumba yote inaanguka, na mimi ndio niko ndani."

Nimesoma vitabu vingi vya siasa baada ya siku ile. Hakuna kilichonieleza nchi yetu kwa ufupi namna hiyo.

Papa Cirhuza hakuzungumza habari ya makofi. Alifungua sheria, akaonyesha kwa kidole mahali palipoandikwa kwamba mradi lazima usomwe kwa sauti. Haukusomwa, basi kikao kirudiwe. Mkurugenzi alishukuru kupata jambo la utaratibu, kwani utaratibu hauna siasa, akaagiza kikao cha pili.

Tulirudi kwenye vidimbwi. Tulimweleza Maman Nsimire kwamba safari hii mtu mmoja, mmoja tu, asimame baada ya kusomwa na kusema hapana. Wanawake walitazamana. Mume wa mmoja alikuwa askari, wa mwingine mwalimu, na kaka wa mwingine alikuwa amefungwa mwaka uliopita kwa kutohudhuria kazi za lazima za Jumamosi.

"Papa," alisema Maman Nsimire, "mutu akisimama peke yake pale, kesho wanamufunga Bukavu mu kachot. Muhogo yake nani atapindua?"

"Minajua."

"Sisi tunaruhusiwa kitu moja tu. Kupiga makofi."

"Minajua, Maman."

Alisugua mikono yake iliyokunjamana kwa maji. "Basi," alisema, "tutapiga."

Nilimwelewa vibaya, nilidhani amekata tamaa. Papa Cirhuza alicheka njia nzima mpaka Kasha, akakataa kuniambia kwa nini. "Université," alisema, "wewe ungoje."

Siku ya kikao cha pili enjinia wa Kampuni alikuja mwenyewe kutoka Kinshasa, kijana safi, mwenye karatasi mkononi. Kwanza alifanya kosa la kujibishana na Papa Cirhuza hapo uwanjani.

"Muzee, hawa watu walikuwa na hilo jiwe katika chakula chao tangu mababu. Mgodi utaongeza nini?"

"Mwanangu, nyoka akiwa mu shimo yake, unaishi naye. Weye unataka kuchimba shimo."

Komisere akapanda kitini. "Chama oyé!"

"Oyé!" Makofi yakaanza.

Hayakukoma. Maman Nsimire alikuwa mbele, akipiga kwa tabasamu, viganja juu ya kichwa, na nyuma yake kilima kizima. Enjinia aliinua karatasi yake na kufungua kinywa, makofi yakapanda. Aliishusha, makofi yakatulia kidogo, bila kukata. Aliiinua tena. Komisere alicheka, akangoja, akafuta jasho. Aliinua mkono ili wanyamaze, kisha nikaona wazo likimpita usoni. Nani atakuwa wa kwanza kuwaambia wananchi waache kukishangilia Chama? Mkono wake ulibaki hewani, ukaanza kwenda na kurudi, ukakutana na mwenzake. Komisere mwenyewe alikuwa akipiga makofi. Karani alipomwona akaweka kalamu chini, akapiga. Askari wakaegemeza bunduki ukutani, wakapiga. Mwishoni enjinia, akiwa peke yake pale asiyepiga, aliweka karatasi chini ya kwapa na kupiga naye, mradi ukiwa haujasomwa.

"Maman!" komisere alijaribu kupaza sauti. "Chama kimesikia! Kimefurahi!"

"Oyé!" walimjibu, wakaongeza.

Papa Cirhuza alikuwa kando yangu akipiga makofi, machozi yakimtiririka. "Soma, Université," aliniambia sikioni. "Soma vizuri. Hii haiko mu kitabu." Mvua ya alasiri ikaja, kubwa, ile isiyokuwepo katika maelezo ya Kampuni. Wageni wakakimbilia magari. Wanawake walipiga makofi mpaka gari la mwisho lilipopotea kwenye kona.

Ofisi yetu iliandika maoni ya kukataa. Mkurugenzi aliyatia sahihi, na ninamheshimu kwa hilo mpaka leo: kikao hakikufanyika, mradi haukusomwa, chemchemi inatumika, mihogo ya kilima kizima inategemea vidimbwi. Tulifurahi. Mimi nilinunua hata kitambaa cha abakosti nyingine.

Ruhusa ya kuchimba ilikuja kutoka Kinshasa kabla mshonaji hajaimaliza. Nimeisoma kwa macho yangu. Ilisema kwamba maoni ya ofisi ya Bukavu hayawezi kupewa uzito mbele ya shangwe isiyo na kifani ya wananchi wa Lushaza, ambao furaha yao iliwazuia wageni kusema hata neno moja.

Nimeandika sentensi hiyo polepole ili msidhani nimeteleza. Watu waliponyamaza, walikuwa wamekubali. Waliposhangilia, walikuwa wamekubali zaidi. Kama wangelia, nina hakika mtu angeandika kwamba yalikuwa machozi ya furaha. Hawakuachiwa mlango hata mmoja wa kutokea, kisha wakaambiwa kwamba wamekaa ndani kwa kupenda. Siku hizi tunaruhusiwa kusema kidogo, na nasikia wakubwa wa wakati ule wakijitetea kwamba hakuna aliyewaambia. Waliambiwa. Waliambiwa kwa mikono elfu, kwa lugha pekee waliyokuwa wameiruhusu, na waliielewa vizuri sana. Nilimwona komisere usoni.

Yaliyofuata mnayajua, maana mnapita pale kila mkienda upande wa Goma. Kampuni ilichimba, bei ikaanguka huko inakoangukia, wakaondoka, na lile shimo jekundu bado linatazama barabara. Lakini siku ya kufungua hamuijui, nami nilitumwa kuiwakilisha ofisi.

Waheshimiwa walikuwa wamepanga viti chini ya turubai, kando ya njia itokayo kwenye vidimbwi. Mashine kubwa ya njano ilikuwa juu ikinguruma. Komisere alipanda kitini, lakini uwanja ulikuwa mtupu. Kikundi cha dansi kiko wapi? Askari walitumwa. Kabla hawajafika mbali tuliwaona wanawake wakipanda kutoka chini, msururu mrefu, Maman Nsimire mbele. Asubuhi ile walikuwa wameitoa mihogo yote majini kabla udongo haujashuka, hata ile isiyokuwa tayari. Kila mmoja aliinama chini ya kikapu kinachodondosha maji, mkanda wa gome kwenye paji la uso, mikono miwili ikishika mkanda.

"Chama oyé!" komisere alipaza sauti.

Walizidi kupanda.

"Maman Nsimire! Chama oyé! Juu ya nini hamupige?"

Alisimama. Kwa mzigo ule hakuweza kuinua kichwa, akasema akitazama viatu vya komisere.

"Mikono iko na kazi, Citoyen."

Akaendelea. Njia ilikuwa nyembamba, ikabidi wapite katikati ya viti, mmoja mmoja, wakielekea maji ya juu. Maji meupe ya mihogo yalidondoka juu ya mazulia. Waheshimiwa walitoa vitambaa, wakaziba pua. Hakuna aliyepiga makofi, na tulikaa hivyo muda mrefu, kwa sababu wanawake wa Lushaza walikuwa wengi.